Mwaka wa shule umeisha ila moyo haujatulia: nilinyamaza, rafiki yangu akasimamishwa shule. Naombeni ushauri

Binti_Mgeni aliandika:

Habari zenu jamani, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni mnivumilie, uzi ni mrefu kidogo na sina mtu mwingine wa kumwambia haya.

Mimi ni binti wa miaka 17, tuko Marekani huu mwaka wa nne, tulikuja kwa ile bahati nasibu ya grinkadi, baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Wiki iliyopita nimemaliza gredi ya 11, bado mwaka mmoja nimalize haiskuli. Maksi zangu nzuri, kwa hiyo ukimuuliza baba atakwambia mwaka umeenda salama. Haujaenda salama.

Shuleni kwetu weusi ni wachache. Darasa la historia tulikuwa wawili tu, mimi na msichana mmoja Mmarekani mweusi, ambaye ndiye rafiki yangu wa kwanza wa kweli huku. Yeye ndiye alinifundisha hata kufungua loka, yaani kabati langu la shuleni, maana ile kufuli ya kuzungusha namba kulia kushoto kulia ilinitoa machozi wiki nzima ya kwanza na watu wanapita wanacheka, yeye akasimama pembeni akanionyesha polepole mpaka nikaweza. Sasa tulipofika mada ya utumwa, kila mwalimu akiwa na swali zito macho yanakuja kwetu wawili. Sidhani alikuwa na nia mbaya, naona alidhani anatupa heshima. Ila siku moja akaniita jina akaniuliza, nyinyi mnajisikiaje mkisoma haya? NYINYI. Darasa zima likageuka, miguu ya viti inakwaruza sakafu, mimi nimeshika penseli nasikia hita tu inanguruma ukutani. Nikaanza kueleza ninachokijua, Bagamoyo, misafara ya watumwa na pembe za ndovu, soko la Unguja lililofungwa 1873, vitu nilivyosoma nikiwa nyumbani, mwalimu akanikatisha kwa upole akasema sawa, lakini mimi nauliza habari za hapa. Jamani hapa mimi nina miaka minne, nitajisikiaje kwa niaba ya watu ambao wako hapa tangu 1619, walipoletwa wale Waafrika wa kwanza Virginia? Rafiki yangu akanyoosha mkono akamwambia mwalimu swali hilo tuulizwe wote humu ndani, sio sisi wawili. Mwalimu akawa mwekundu, kengele ikalia, yakaisha.

Kilichoniharibia mwaka kilitokea mwezi wa tatu. Kuna wavulana walituweka kwenye grupu lao la chati, picha yangu na ya rafiki yangu pembeni ya picha ya nyani, na maneno ambayo sitayaandika hapa. Mtu akanitumia skrinshoti. Halafu wakaanza kafeteria, rafiki yangu akipita na trei mmoja wao anatoa sauti ya nyani, wenzake wanainama mezani kwa kicheko. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili, nilisikia kila kitu. Siku ya kwanza akapita. Ya pili akapita. Ya tatu akasimama, akageuka, akamfokea yule mvulana na ile trei akaibamiza mezani kwao, maziwa yakamrukia mvulana shati zima.

Akasimamishwa shule siku tano kwa kufanya fujo. Mvulana akapewa onyo la mdomo.

Mama yake akaja juu, ikabidi prinsipo, mkuu wa shule, atafute mashahidi, nikaitwa. Usiku wake nilimwambia baba. Baba akaniambia, mwanangu sisi tumekuja kusoma, hatukuja kupigana vita vya watu, sisi sio kama hao, ukiitwa sema hujui. Kesho yake nikakaa kwenye kile kiti mbele ya prinsipo nikasema Kiingereza changu bado sio kizuri, sikuelewa walichokuwa wanasema. Mimi ambaye muhula ule nilikuwa na A ya Kiingereza. Sauti ya nyani nayo inahitaji Kiingereza gani? Prinsipo akatabasamu akaniambia nyinyi mliotoka Afrika mna adabu sana, tunafurahi kuwa nanyi hapa. Nikasema asante.

Hiyo asante ndiyo inaninyima usingizi mpaka leo. Rafiki yangu alirudi baada ya wiki, akahamia meza nyingine, hajanisemesha mpaka shule imefungwa. Hakunigombeza. Ananiangalia tu kama mtu asiyemjua.

Sasa naombeni mnisaidie, namwombaje msamaha? Na nikienda leo kusema ukweli wakati shule imefungwa itasaidia kitu kweli, au ndio namtafutia baba matatizo? Na baba mwenyewe nimwambieje bila kuonekana nimeshakuwa mtoto wa huku nisiye na heshima? Skrinshoti bado ninayo.

---

Kaka_wa_Zamu_ya_Usiku:

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mimi nitasema tofauti kidogo na watakaokuja baada yangu.

Usimhukumu mzee. Mimi nafanya kazi ghalani usiku mwaka wa sita huu, najua ile hofu anayolala nayo. Mtu ameuza kila kitu, amekuja na watoto watatu, akiona barua tu ya shule yenye neno nidhamu anaona safari nzima inarudi nyuma. Anaposema sisi sio kama hao hamaanishi anawachukia, anaomba tu msiguswe. Wengi wetu tumeambiwa maneno hayohayo siku ya kwanza uwanja wa ndege, na aliyetuambia alikuwa ndugu yetu anayetupenda.

Kwa hiyo ushauri wangu, bado mwaka mmoja. Mwombe rafiki yako msamaha kimyakimya, mambo ya ofisini yaache, maliza, nenda chuo. Ukishakuwa na digrii yako utasema mpaka uchoke. Nakwambia kwa mapenzi.

---

Mama_Wawili:

Kaka hapo juu nimekusoma na nimekuelewa, hata mimi niliwaambia wanangu hivyo hivyo. Niliacha siku mwanangu mkubwa aliposimamishwa na polisi akitoka mazoezi ya mpira, ana miaka 15, begi mgongoni, wakamkalisha ukingoni mwa barabara dakika arobaini kwa sababu kuna mtu kapiga simu kasema kaona mweusi mrefu. Mwanangu aliporudi aliniuliza kitu kimoja tu, mama mbona hawakuniuliza natoka nchi gani?

Sikuwa na jibu. Nikakumbuka yule kijana wa Guinea, Amadou Diallo, mwezi wa pili 1999 pale New York, amesimama mlangoni kwake mwenyewe hana silaha yoyote, polisi wanne wakafyatua risasi 41. Alikuwa mhamiaji kama sisi, anauza vitu vidogo vidogo barabarani, anatuma hela kwao. Wale polisi hawakumuuliza yeye ni mweusi wa wapi. Na waliojaa barabarani kumdaia haki mama yake aliyetoka Guinea ni weusi wa Marekani, haohao tunaowaambia watoto wetu wakae nao mbali.

Binti yangu, baba yako anaogopa na ana haki ya kuogopa. Ila hilo neno lake prinsipo alilitumia vilevile. Hebu soma tena ulichoandika. Baba kasema sisi sio kama hao, prinsipo kasema nyinyi mna adabu. Ni sentensi moja hiyo mwanangu, na iliangukia mgongoni kwa yule mtoto mwingine. Nadhani ndio maana ile asante imekukaba, na mimi nakusifu kwamba imekukaba.

Hukuwa na watu wa kukushika mkono siku ile, una miaka 17, prinsipo mtu mzima ndiye alipaswa kuuliza maswali ya pili. Usijipige sana. Ila nenda kamwambie baba, na mwambie wakati mama yupo.

---

Mwalimu_Kutoka_Nakuru:

Nimefundisha Kenya miaka 11 na huku Marekani 9, haiskuli, kwa hiyo niruhusuni niseme kirefu.

Kwanza ya ofisini, maana hapo muda unakimbia. Shule yoyote inayopokea pesa za serikali kuu inabanwa na Kifungu cha Sita cha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, hairuhusiwi kubagua mwanafunzi kwa rangi wala asili ya nchi, na kuonewa na wanafunzi wenzako kwa rangi yako kunaingia humo kama shule inajua na inakaa tu. Malalamiko yanaweza kupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, na kawaida wanataka yafike ndani ya siku 180 tangu tukio. Hesabu kutoka mwezi wa tatu, mnaishia karibu mwezi wa tisa. Sio lazima aliyeonewa ndiye apeleke, mtu mwingine anaweza. Na sheria inakataza shule kumlipizia kisasi shahidi, hilo mwambie baba mapema kabla hajaanza kuwaza. Sikulazimishi uende huko. Nakwambia ili ujue kwamba kufungwa kwa shule hakujafunga jambo.

Cha kuanza nacho ni kidogo. Kaa chini uandike ulichokiona, tarehe, saa ya lanchi, meza ipi, nani alisimama wapi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Andika pia kwamba ofisini ulisema hukuelewa na kwamba haikuwa kweli, na kwa nini ulisema hivyo. Usijipambe. Weka skrinshoti, ila kabla hujampa mtu yeyote muulize kwanza rafiki yako na mama yake, maana ni picha yake ile, na rekodi ya kusimamishwa ni yake, yeye ndiye atapeleka hiyo rekodi chuoni akiomba nafasi. Karatasi yako inaweza kumsaidia wakiomba ifutwe. Hiyo ndiyo maana ya kusema ukweli hata kama umechelewa.

Sasa kuhusu ile trei. Nilipoisoma nilisimama. Mwaka 1957 watoto tisa weusi waliingizwa shule ya Central pale Little Rock, Arkansas, miaka mitatu baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kusema shule za kutenganisha rangi ni haramu. Watu wanaijua ile picha ya Elizabeth Eckford anatembea peke yake na umati unamzomea nyuma. Kwao hakukuwa na simu, kwa hiyo ujumbe wa kwamba wakutane waende pamoja haukumfikia, akaenda peke yake, wanajeshi wa jimbo wakamzuia, akarudi mpaka kituo cha basi akakaa kwenye benchi wamemzunguka. Pale wapo watu wawili wazungu waliomsogelea, mwandishi mmoja wa gazeti aliyekaa naye, na mama mmoja, Grace Lorch, aliyepanda naye basi. Hawakufanya kitu kikubwa. Walisogea tu.

Na walioingia ndani hawakupumzika. Mmoja wao, Minnijean Brown, mwezi wa 12 alikuwa kafeteria anapita na trei yake, wavulana wanamsukumia viti njiani, bakuli lake la chakula likawamwagikia. Akasimamishwa yeye. Februari 1958 akafukuzwa kabisa, na kuna wanafunzi wakagawa vikaratasi vya kushangilia kwamba mmoja ametoka wamebaki wanane. Huwa naifundisha hii kila mwaka, na kila mwaka kuna mtoto anauliza waliokuwa wamekaa meza za jirani walisema nini.

Halafu hilo la sisi sio kama hao. Mwambie mzee hadithi moja, na hii ni yetu. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kuja kusoma Marekani, ile safari iliyoandaliwa na Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya. Nauli ilitoka wapi? Barua ya kuchangisha pesa ilikuwa na saini za Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji wa filamu. Hawa ni weusi wa Marekani, wakati huohuo kuna majimbo wao wenyewe hawaruhusiwi kukaa hoteli moja na wazungu, wanachangia watoto wa Kiafrika wasiowajua wapate kusoma. Na nyumbani kwetu Kenya wakati wa mkoloni shule zilikuwa za matabaka matatu, ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waafrika, sisi tukiwa chini kabisa, kwa hiyo babu zetu habari hii walikuwa wanaijua vizuri tu.

Tena kuna sheria ya uhamiaji ya 1965. Kabla yake Afrika ilikuwa imeachiwa vinafasi vya kuhesabu vidole. Ilipita mwaka mmoja baada ya ile ya haki za kiraia, kwa nguvu ya msukosuko uleule, watu waliopigwa marungu na kung'atwa na mbwa wa polisi. Mimi nimeingia kwa mlango ule. Bahati nasibu mliyokuja nayo nyinyi ilitungiwa sheria 1990, lakini imejengwa juu ya msingi huohuo.

---

Kaka_wa_Zamu_ya_Usiku:

Mwalimu hilo la ndege nilikuwa nalijua nusu, la nani alilipa sikuwa najua. Bado naogopa kwa ajili ya mzee, lakini nimekaa nalo tangu asubuhi. Mdogo wangu, kama utaandika hiyo karatasi, weka nakala nyumbani na peleka na mzazi, usiingie ofisini peke yako tena.

---

NilikuwaMezaNyingine:

Mimi nilikuja mdogo, miaka 8, na nilikuwa upande wa rafiki yako. Kuna dada tuliyekuwa tunasali naye kanisa moja, familia zinajuana, siku nilipoitwa jina baya kwenye basi la shule aliangalia dirishani. Nina miaka 26 sasa na nakumbuka mpaka rangi ya koti lake.

Ukimwomba rafiki yako msamaha usimweleze baba alisema nini wala ulivyokosa usingizi. Hayo ni yako. Mwambie ulichokisikia, mwambie ulichokisema ofisini, mwambie sio kweli, mwambie utaandika kama anataka uandike. Halafu nyamaza. Usimuulize kama amekusamehe, maana utamfanya aanze kukubembeleza wewe. Na asipojibu usitume ya pili. Yule dada wa kanisani alinitafuta baada ya miaka minne, ujumbe mrefu umejaa machozi, nikaishia mimi ndiye namwambia usijali. Sikutaka kumwambia usijali. Nilitaka aseme tu, nilisikia.

---

Binti_Mgeni:

Asanteni sana wote, nimesoma kila mmoja mara tatu na nimelia ila kulia kwa kupumua. Mama_Wawili, ile ya sentensi moja imeniingia mpaka mifupani.

Naleta mrejesho. Juzi usiku nimemtumia rafiki yangu, mistari mitano tu, nikaanza na nilisikia. Sikuweka sababu. Ameona. Hajajibu, na kila simu ikiita naruka, lakini sitatuma ya pili, nimeahidi hapa.

Baba nimemwambia jana, mama yupo. Alikuwa anapiga pasi shati la kazi. Sikuanza na prinsipo, nilianza na ndege ya 1959 maana Mboya anamjua, babu alikuwa anamsikiliza kwenye redio. Akaniuliza nani alilipa. Nikamwambia. Akaendelea kupiga pasi kola ileile muda mrefu mpaka mama akamwambia utaiunguza. Ndipo nikamweleza nilivyosema ofisini na prinsipo alivyonisifia adabu. Akauliza, alisema hivyo mbele ya yule mtoto mwenzako? Nikasema hapana, tulikuwa wawili tu. Akanyamaza, akazima pasi, akaingia chumbani, mimi nikajua nimeharibu.

Asubuhi kabla sijaamka kaniita. Kanambia hiyo karatasi unayotaka kuandika hutaipeleka popote mpaka yule mtoto na mama yake wakubali, na siku ikipelekwa tutakwenda wote wawili, ila kwanza iandike niione. Nimeiandika mchana huu, kurasa mbili. Sasa hivi amekaa nayo mezani, miwani puani na kamusi pembeni, yuko aya ya pili.